Wahusika wa Ugiriki Wasigeuzwe Mapambo ya Ukutani

Baadhi ya walimu wa fasihi katika shule zetu za upili wana desturi ya kuligawa darasa katika makundi ya wanafunzi watano au sita, kisha kila kundi likapewa mhusika mmoja wa visasili vya Wagiriki wa kale. Kundi hili hupewa Achilles, lile Antigone, jingine Odysseus na jingine Medusa. Baada ya majuma mawili au matatu, makundi huja mbele ya darasa kueleza yaliyoyapata. Kazi hii imezusha malalamiko ya namna mbili. Wako wazazi na walimu wanaouliza tuna haja gani na miungu ya Ugiriki ilhali watoto wetu hawawajui mashujaa wa kwao. Wako pia wanaosema kwamba kazi ya kundi ni njia ya mwalimu ya kupumzika, na ya mwanafunzi mvivu ya kujipatia alama asizozitolea jasho.

Maoni yangu ni kwamba lalamiko la kwanza halina msingi wa kutosha, na la pili lina ukweli mwingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kazi yenyewe ni njema. Kasoro iko katika namna inavyofanywa, na kasoro hiyo ina madhara makubwa kuliko alama za muhula mmoja.

Hebu tuitazame inavyofanywa mahali pengi. Kiongozi wa kundi, ambaye aghalabu ndiye anayeongoza darasani, hubebeshwa mzigo wote. Mwingine hununua karatasi ya manila. Mwenye mwandiko mzuri hunakili. Mwenye kipaji cha kuchora huchora radi ya Zeus kwa kalamu za rangi. Waliosalia hungojea siku ya kuandika majina yao chini ya karatasi. Maelezo yenyewe huwa ni ya nasaba na vifo: mhusika alizaliwa na nani, alimuua nani, aliuawa na nani. Siku hizi si ajabu maelezo hayo kuombwa kutoka kwa programu ya akili unde, ambayo huyatoa kwa dakika moja, nayo yakanakiliwa pamoja na makosa yake. Manila hubandikwa ukutani, alama hutolewa, na hakuna hata mmoja katika kundi ambaye amesumbuliwa na fikra mpya.

Kuna wanaosema kwamba huo ni ukembe tu, utaisha. La hasha! Mwanafunzi anayetia jina lake chini ya kazi ambayo hakuifanya wala kuisoma anajifunza jambo, nalo analijifunza vizuri. Anajifunza kwamba sahihi ni kitu chepesi. Miaka kumi baadaye atakuwa afisa anayetia sahihi kwamba daraja limekamilika ilhali mto bado unavukwa kwa mtumbwi, au kwamba dawa zimepokelewa ilhali rafu za zahanati ni tupu. Wahenga walisema kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi walimu na wazazi tunamwacha akauke, kisha tunalalamika kwamba hakunjiki.

Kwa kuwa lalamiko la kwanza ndilo linalosikika zaidi, nilijibu kabla sijafika kwenye dawa. Je, tuna haja gani na Wagiriki?

Mwaka wa 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe. Waraka huo mara nyingi hutajwa na wale wanaotaka kila kilicho kigeni kifungiwe mlango. Lakini hoja ya watatu hao haikuwa hiyo. Walitaka Afrika iwe kitovu, fasihi simulizi yetu ipewe heshima yake, na fasihi za mataifa mengine zisomwe kwa kutazamwa kutoka hapa tulipo. Mtu anayetazama kutoka kwake anahitaji kitu cha kutazama. Kitovu bila mwili unaokizunguka si kitovu cha chochote.

Isitoshe, Mgiriki si mgeni wa jana katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kinaielezea pwani ya Azania na bandari ya Rhapta, ambayo wanahistoria wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Katika zama zetu, tamthilia ya Sophocles kuhusu mfalme aliyemuua babake na kumwoa mamake bila kujua ilifasiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi, ikachapishwa mwaka wa 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Huko Nigeria, Ola Rotimi aliichukua hadithi hiyo hiyo akaihamishia kwa Wayoruba, na Wole Soyinka akaandika upya tamthilia ya Euripides mwaka wa 1973. Waandishi hao hawakumezwa na Wagiriki. Walikaa nao kitako wakabishana nao, na ubishi ule ukazaa fasihi ya Kiafrika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Natoa mfano wa Antigone. Ndugu zake wawili, Eteocles na Polynices, waliuana katika vita vya kuwania mji wa Thebes. Mjomba wao Creon, aliyeshika ufalme, aliamuru kwamba Eteocles azikwe kwa heshima, na Polynices, aliyeushambulia mji, aachwe nje aliwe na ndege na mbwa. Antigone aliikaidi amri hiyo, akamfukia nduguye kwa mchanga, akakiri mbele ya mfalme kwamba kuna sheria za kale zaidi ya amri za wafalme. Alifungiwa pangoni, akajinyonga. Mwana wa Creon, aliyekuwa mchumba wake, akajiua. Mke wa Creon akajiua pia. Mfalme akabaki na amri yake na maiti tatu.

Mwanafunzi wa Kenya hahitaji kufunzwa kwamba maiti inaweza kugawanya jamii. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, na hakuzikwa hadi tarehe 23 Mei 1987. Kwa miezi kadhaa, mjane wake Wambui Otieno na ukoo wa Umira Kager walibishana mahakamani iwapo atazikwa Matasia karibu na Ngong au Nyalgunga huko Siaya. Ukoo ulishinda. Nchi nzima ilizungumza: je, ni mila, ni sheria ya nchi, au ni hiari ya mwenye kufa na mwenziwe wa ndoa? Sasa mwulize mwanafunzi: katika kisa hicho, Antigone ni nani? Ni mjane aliyesimama peke yake, au ni ukoo uliosema kwamba sheria ya mababu ni ya kale zaidi ya kitabu cha mahakama? Swali hilo halina jibu la kunakiliwa popote. Kundi litalazimika kubishana, na kila mmoja achague upande wake.

Tena kuna jambo la kuongezea. Katika kisiwa cha Robben, wafungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini waliigiza tamthilia ya Antigone, na Nelson Mandela ndiye aliyeshika nafasi ya Creon. Mtu aliyefungwa kwa kukaidi sheria dhalimu alivaa nguo za mfalme mkaidi. Mwanafunzi akiulizwa mtu wa namna ile alijifunza nini kwa kusimama mahali pa mtawala, atakuwa ameanza kusoma fasihi.

Wanaolilia mashujaa wa nyumbani nawaunga mkono, ila nasema wawekwe kikao kimoja na wageni. Mchukue Achilles. Inasimuliwa kwamba mamake, Thetis, alimtumbukiza katika maji ya mto Styx ili asidhuriwe na silaha, naye akabaki na kisigino kikavu pale aliposhikwa. Fumo Liyongo wetu wa Pate hakuweza kuuawa ila kwa kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka, hadi adui walipojua kwamba nguvu zake zimo kivulini.

Kundi lililoandika kwamba wote watatu walikuwa na mahali padhaifu limesema jambo ambalo kila mtu analiona. Kazi huanza linapouliza siri ilijulikana vipi. Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, aliyelaghaiwa kwa ahadi ya ndoa na cheo. Magere alisalitiwa na mke aliyetoka kwa adui, na hapa mwanafunzi anaweza kujiuliza kama binti aliyetumwa na watu wake kwa kazi hiyo ni msaliti au ni shujaa wa upande wa pili. Udhaifu wa Achilles ulitokana na mkono wa mama aliyetaka kumkinga. Visa vitatu, na kila kimoja kinaiweka hatari ndani ya nyumba: kwa mwana, kwa mke, kwa mama. Kwa nini jamii zilizotengana namna hiyo ziliogopa mlango wa ndani kuliko lango la boma? Hilo ni swali la mjadala wa saa nzima.

Odysseus naye ana nduguye hapa Afrika. Alipofungiwa pangoni na jitu lenye jicho moja, alilidanganya kwamba jina lake ni Hakuna-Mtu. Alipolitoboa jicho, jitu likapiga mayowe kwamba Hakuna-Mtu analiua, na majirani wakarudi kulala. Aliyesoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe, atamkumbuka kobe aliyekwenda karamuni na ndege akajiita Nyinyi-Nyote, ili chakula kilicholetwa kwa ajili ya wote kiwe chake. Werevu ni ule ule wa jina. Tena wote wawili waliponzwa na nafsi zao: kobe kwa ulafi, Odysseus kwa majivuno, kwani alipokwisha kuokoka alilipigia jitu kelele akalitajia jina lake halisi, akajiletea ghadhabu ya Poseidon, mungu wa bahari. Darasa litakaloona hivyo litawasikiliza sungura na fisi wa nyanya zao kwa masikio mapya.

Kuna mhusika mmoja ambaye namsihi kila mwalimu amshughulikie kwa uangalifu, naye ni Medusa. Katika michoro ya wanafunzi huwa ni zimwi tu lenye nyoka kichwani, na Perseus huwa ni kijana hodari aliyelikata shingo. Mshairi wa kale Hesiod anasema tu kwamba Poseidon alilala na Medusa katika uwanja wa maua. Miaka mia saba hivi baadaye, Mrumi Ovid alisimulia habari nyingine: kwamba Medusa alikuwa msichana mzuri, akanajisiwa na mungu wa bahari ndani ya hekalu, na mungu wa kike mwenye hekalu akamwadhibu Medusa kwa kuzigeuza nywele zake kuwa nyoka. Aliyetenda hakuguswa. Aliyetendwa ndiye aliyegeuzwa kitisho.

Katika darasa lolote la wasichana au wavulana, kisa hicho si cha kale hata kidogo. Yuko msichana aliyefukuzwa nyumbani kwa ujauzito ambao hakuutaka, ilhali aliyempa anapita sokoni akisalimiwa. Mwalimu anayeruhusu Medusa achorwe kama zimwi, kisha asiulize alifanywaje zimwi, amepoteza nafasi ambayo huenda isirudi. Mwanafunzi wa kiume atakayeulizwa kumtetea Medusa mbele ya wenzake atakuwa amejifunza neno ambalo hotuba kumi za maadili haziwezi kumfunza.

Wako wazazi wacha Mungu wanaohofia kwamba watoto watafunzwa ibada ya miungu. Hofu yao naiheshimu, lakini dini zenyewe hazikuwaogopa Wagiriki hivyo. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi watu wa Listra walivyomdhania Barnaba kuwa Zeu na Paulo kuwa Herme, na jinsi Paulo alivyosimama Athene akahubiri kwa kutaja maneno ya washairi wao. Asiyejua Zeu ni nani haelewi kwa nini mitume wale walirarua nguo zao. Nao wanazuoni wa Baghdad katika karne ya 9 walivifasiri kwa Kiarabu vitabu vya Wagiriki vya tiba na falsafa, wakachukua la kuwafaa na kuliacha lisilowafaa. Kujua si kuabudu.

Basi kazi hii ifanywe vipi? Nina mapendekezo matano, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, mwalimu asitoe jina tupu, atoe swali. Asiseme "chunguzeni Antigone", aseme "je, Antigone alikuwa na haki, na nduguye Ismene, aliyekataa kumsaidia kwa hofu, alikuwa na kosa?" Jina huzaa orodha. Swali huzaa mabishano.

Pili, kila mhusika wa Ugiriki apewe mwenzake wa nyumbani, na kundi litafute mahali wanapotofautiana, kwa maana kufanana huonekana hata na asiyesoma. Wazee wa vijijini wapo. Mwanafunzi wa bweni akienda likizo akamwulize babu au nyanya, aje na kisa ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maktaba ya shule.

Tatu, kila mwanafunzi awe na sehemu inayomhusu peke yake. Katika kundi la Achilles, mmoja amshike Thetis, mmoja rafiki yake Patroclus, mmoja adui yake Hector, na mmoja mzee Priam, aliyekwenda usiku katika hema ya Achilles akaibusu mikono iliyowaua wanawe ili apewe maiti ya Hector akaizike. Siku ya mwisho isiwe ya kusoma manila. Mwanafunzi aketi mbele ya darasa bila karatasi, awe ndiye Priam, na wenzake wamwulize maswali. Aliyesoma atajulikana. Aliyeandikiwa atajulikana pia, na mapema.

Nne, nusu ya alama iwe ya mtu binafsi kwa majibu yake mwenyewe, na nusu iwe ya kundi. Kiongozi hodari asiadhibiwe kwa uvivu wa wengine, na mvivu asipande mgongoni mwake. Lakini nusu ile ya kundi isiondolewe, maana kumsaidia mwenzako anayechelewa kuelewa nako ni elimu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mwenye kujua akamficha nduguye naye ni maskini wa namna nyingine.

Tano, kila kundi liseme habari zake limezitoa kwa nani. Hili linaonekana dogo, kumbe ndilo linalotofautisha elimu na uvumi. Watu wengi husema kwa uhakika kwamba Homer aliandika habari za kisigino cha Achilles. Hakuandika. Katika Iliad, Achilles anachubuliwa mkono kwa mkuki na damu inamtoka kama mtu yeyote. Kisa cha kutumbukizwa mtoni tunakikuta kwa Statius, Mrumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, mamia ya miaka baada ya Homer. Vivyo hivyo, "sanduku" la Pandora halikuwa sanduku. Hesiod alisema mtungi mkubwa wa kuhifadhia vitu. Sanduku lilitokana na maandishi ya Kilatini ya Erasmus katika karne ya 16. Mwanafunzi anayegundua kwamba jambo linalosemwa na watu wote lina tarehe ya kuzaliwa na mtu aliyelizaa, hatadanganywa kwa urahisi na gazeti, na mwanasiasa, wala na mashine.

Najua jibu la walimu wengi. Darasa lina wanafunzi hamsini, maktaba ina kabati moja, na mtihani unakaribia. Ni kweli. Hata hivyo, kisa cha Priam katika hema kinaweza kusomwa kwa sauti na mwalimu katika kipindi kimoja, na vitabu hamsini visihitajike. Wagiriki wenyewe walivisikia visa hivi kwa masikio kabla ya kuvisoma kwa macho, kama babu zetu walivyoisikia habari ya Liyongo. Na mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umejengwa juu ya kile mwanafunzi anachoweza kukitenda. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi asimame na kujibu hoja haupingi mtaala huo, anautimiza.

Na wewe mwanafunzi, ukipewa mhusika wa Ugiriki wiki ijayo, usikimbilie manila. Uulize kwanza: mtu huyu alitaka nini, alizuiwa na nani, na mimi ningekuwa mahali pake ningefanyaje? Uulize ni nani kijijini kwenu aliyewahi kukabiliwa na jambo kama lake. Ukishapata jibu, hata kama halipendezi, liandike kwa mkono wako mwenyewe. Hapo ndipo utie jina lako chini ya karatasi, kwa kuwa litakuwa na kitu juu yake cha kulibeba.